Kompyuta Gani Tuikopee? Hotuba kwa Wanakikundi, Moshi

Mama Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za mchana. Asanteni kwa kunipa nafasi kabla ya ajenda ya marejesho, maana najua ajenda hiyo ikishapita hakuna anayebaki na nguvu za kumsikiliza fundi.

Katibu alinionyesha maombi ya mikopo ya kompyuta. Wengi ni wazazi ambao vijana wao wanaingia chuo mwaka huu, wengine hapahapa Chuo Kikuu cha Ushirika, wengine Dar na Dodoma. Wapo mama zangu wenye steshenari. Yupo na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kule Kibosho. Kazi zao hazifanani hata kidogo, lakini maombi karibu yote yanataka kitu kimoja: kompyuta mpakato mpya, ya boksi, ile ya bei ya chini kabisa dukani. Nimekuja kusema kwamba kwa fedha mlizoandika pale, hiyo ndiyo kompyuta mbaya kuliko zote mnazoweza kununua. Na msinifikirie vibaya: mimi natengeneza kompyuta, siuzi. Mkinunua mbovu ndipo mimi napata kazi.

Hebu tuifungue hiyo ya boksi. Inang'aa, nailoni ya skrini bado ipo, na mzazi anajisikia amemtendea haki mtoto. Ndani yake mara nyingi utakuta prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Celeron, tuseme N4020, ambayo Intel waliitoa mwaka 2019 ikiwa na viini viwili tu. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4, imechomelewa kwenye ubao. Mahali pa kuhifadhi kazi ni eMMC ya GB 64, jamii ileile inayowekwa kwenye simu za bei nafuu, nayo imechomelewa. Sasa Windows 11 yenyewe, ili ikubali tu kuingia, inadai angalau GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Kwa hiyo mashine hiyo imetoka kiwandani ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Kijana akifungua Word, kurasa kadhaa za intaneti na kipindi cha Zoom kwa pamoja, inaanza kuhema. Masasisho yakija, inamwambia nafasi imejaa. Akiniletea, nikifungua sikuti tundu la RAM wala diski ya kuchomoa. Namrudishia na pole.

Kwa fedha hizohizo, na mara nyingine pungufu, mnapata mashine iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya, Marekani au Dubai. Hizi ndizo ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook na ProBook za HP. Kampuni kubwa hununua kwa mamia, hutumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote kwa mkupuo, nzima na mbovu pamoja. Zimetengenezwa kwa mtu anayefungua na kufunga kutwa: bawaba imara, kibodi inayobadilishika, skrubu za kawaida chini. RAM kwa nyingi iko kwenye tundu lake, na SSD, diski ya kisasa ya kuhifadhia kazi, inatoka kwa skrubu moja au mbili. SSD ikifa leo asubuhi, mchana umeondoka na nyingine. Siyo zote, lakini. Zile nyembamba za mabosi kama X1 Carbon RAM yake imechomelewa, kwa hiyo ukiipenda hiyo, inunue ikiwa tayari na GB 16, au iache.

Hiyo SSD nataka muishike. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku sindano ikielea juu yake. SSD haina kinachozunguka. Diski ya zamani inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida tu inafika kama 500, lakini tofauti unayoisikia ni kubwa kuliko namba hizo, kwa sababu sindano inapoteza muda ikitafuta vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika. Halafu kijana wetu anapanda bodaboda kutoka Pasua hadi chuoni na mpakato mgongoni, wakati mwingine haijazimwa. Sindano na mashimo ya barabara zetu havipatani. Mashine yenye diski ya kuzunguka, hata ikiwa mpya, mimi naihesabu kama haijakamilika mpaka iwekwe SSD.

Kwa kipimo cha mwanafunzi wa biashara, sheria, ualimu au ushirika, nasema hivi: prosesa ya Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256. Hapo anaandika, anapiga hesabu Excel, anaendesha SPSS ya takwimu, na anamaliza digrii.

Lakini mtumba ni mtumba. Unanunuliwa kama koti la mtumba sokoni Kiboriloni: kwanza unaligeuza ndani. Na hapa ndipo wengi wanapigwa.

La kwanza ni umri wa prosesa. Wauzaji wanataja i7 kama cheo cha jeshi. Hiyo i7 ni ngazi ndani ya kizazi, yaani toleo la prosesa. Haikwambii kizazi chenyewe. Mashine yenye i7-2620M ni ya kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Mashine yenye i3-1115G4, ya kizazi cha 11, inaiacha mbali na inakula umeme kidogo zaidi. Kwa hiyo soma namba inayofuata kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-10310U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Msisome kwenye stika, maana stika zinauzwa. Isome ndani ya kompyuta, kwenye mipangilio ya mfumo.

Kwa nini kizazi kinanikosesha usingizi? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Na Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen nyingi za AMD kuanzia mfululizo wa 2000 kwa za mezani na wa 3000 kwa mpakato, tena mashine iwe na kinga ya TPM 2.0. Ndiyo maana msishangae mkiona meza zimejaa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, safi kabisa, kwa bei ya kutupa. Siyo mbovu. Ila muuzaji atakuwa ameipitishia Windows 11 njia ya panya, nayo itafanya kazi, lakini mashine ya namna hiyo Microsoft hawaiahidi masasisho ya usalama. Kwa mtu anayeingia benki kwa kompyuta hiyohiyo, mimi siikubali.

Ukiipata kizazi cha 7 kwa bei hiyo na unaijua kazi yako, iwekee mfumo wa Linux Mint au Ubuntu badala ya Windows, na LibreOffice ya kazi za ofisi juu yake. Vyote ni vya bure na vinapata masasisho. Naona mzee pale anatabasamu. Labda anakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kwenye ukoo huohuo mwaka 2010. Kwa mzazi anayetaka kompyuta ya familia ya kuandikia barua na kusoma habari, hii ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa kijana ambaye mhadhiri anataka SPSS na faili za Word zisizoyumba, nisingemtia katika mtihani huo.

La pili ni kufuli. Mashine ya kampuni inaweza kuwa imeondoka ofisini lakini bado iko kwenye daftari la kampuni. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayotangulia Windows. Ikidai neno la siri ambalo hana, ondoka. Halafu airudishe Windows mwanzo na aiunganishe na intaneti, hata kwa simu yako. Ikileta jina la kampuni usiyoijua na kutaka barua pepe ya kazini, ondoka mbio. Siku ya kununua inaweza kuonekana haina neno kwa sababu ilisanidiwa bila intaneti, na siku kijana akiirudisha mwanzo akiwa Dodoma, kampuni ya watu inaidai.

La tatu, betri. Windows yenyewe inatoa taarifa: unafungua dirisha la amri, unaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ukurasa. Humo kuna namba mbili, uwezo betri iliyozaliwa nao na uwezo ilionao leo. Ikiwa imebaki nusu, siyo sababu ya kuikataa, ni sababu ya kushusha bei. Ikiwa pedi ya kipanya imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Hiyo usiiweke hata kwenye begi.

La nne, kibodi na chaja. Mashine zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Ufaransa A na Q zimebadilishana. Mwanafunzi anaweza kuzoea, karani wa steshenari mwenye foleni hawezi. Chaja iandikwe 100–240V, na badala ya kile kiadapta chepesi cha kuchomekea plagi ya Ulaya, nunua waya wa plagi yetu ya meno matatu. Vile viadapta nimeviona vimeyeyuka.

Najua sisi wa huku hatununui bila kupatana, na kupatana ni haki yenu. Ila msitaje bei kabla ya kukagua. Muuzaji akishakupunguzia, anaona umeshanunua, na kila unachogusa baada ya hapo anaona unampotezea muda.

Sasa mama zangu wa steshenari. Ninyi mpakato waachieni wanafunzi kabisa. Kazi yenu haisogei: ni kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB, uhakiki wa vyeti RITA, maombi ya ajira. Mpakato iliyochomekwa kwenye chaja kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku, kila siku, betri yake inaiva na mwisho inavimba. Feni yake ndogo inavuta vumbi letu la Januari na Februari, linachanganyika na unga wa tona kutoka kwenye mashine ya kopi, na inaziba kama bomba la jikoni. Kibodi ikimwagiwa chai, bili yake inauma. Kompyuta ya mezani, kibodi ikifa unachomoa unachomeka nyingine. Vumbi ukifungua ubavu unalipuliza. Skrini ya inchi 22 au 24 inamwonyesha mteja anachojaziwa, na makosa ya majina yanagundulika kabla ya kuchapa.

Mtaniuliza umeme wa LUKU. Swali zuri. Mnara wa kawaida, yaani kompyuta kubwa ya mezani, na skrini yake, kwa kazi ya maandishi, tuseme unakula wati 100. Saa tisa kwa siku ni uniti 0.9, na kwa siku 26 za kazi ni kama uniti 23 kwa mwezi. Lakini ipo ya kati ambayo wengi hapa hawaijui: kompyuta ndogo za mezani zilizotoka maofisini, ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini. Upande wake ni sentimita 18 hivi, unene haufiki sentimita 4, unaweza kuifunga nyuma ya skrini. Inatumia chaja ya nje kama ya mpakato. Pamoja na skrini, tuseme wati 40, basi mwezi mzima ni kama uniti 9. Anayeendesha steshenari kwenye chumba cha nyumbani na anajibana asivuke uniti 75 za kundi la matumizi madogo, tofauti hiyo anaiona. Mimi kwa steshenari napendekeza hiyo ndogo kabla ya kitu kingine chochote.

Udhaifu wake ni uleule wa minara yote: haina betri. Mgao wa mwishoni mwa 2023 mnaukumbuka, na hata baada ya mgao, mvua ikipiga mjini hapa umeme una tabia zake. Kwa hiyo bei ya kompyuta ya mezani ihesabuni pamoja na UPS, ile betri ya dharura. Ndogo ya VA 650 inatosha kuwapa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa ustaarabu. Tafadhali sana, printa ya leza msiichomeke kwenye UPS. Ikipasha moto inavuta mamia ya wati kwa ghafla, UPS inalia na kufa nayo. Na mnara wa zamani uliotoka Marekani, angalieni nyuma kwenye pawa saplai kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikiwa imekaa 115 ukachomeka hapa Moshi, utasikia mlio mmoja tu.

Zile zenye skrini na mashine kipande kimoja ni nzuri mapokezi ya hoteli. Skrini ikifa, umepoteza vyote viwili. Nazipita.

Mzee wangu karani wa AMCOS. Wewe uko Kibosho, umeme unaondoka mvua zikishika, na msimu wa kahawa hausubiri. Mkulima amebeba kilo zake na anataka karatasi yake. Wewe kweli unahitaji mpakato, na nitakutajia moja kwa jina: ThinkPad T480. Ni ya mwaka 2018, na nyingi ni za kizazi cha 8, ambazo Windows 11 inazikubali. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoichomoa kwa mkono bila kuzima mashine. Unaweza kununua betri ya pili ya nje ukaiweka kwenye droo. Ina matundu mawili ya RAM, na inachaji kwa USB-C, kwa hiyo mfumo wako wa sola ukiwa na tundu la USB-C la wati 45 au 65, hakuna haja ya invata. Sijui mashine nyingine ya bei hiyo iliyotengenezwa kana kwamba walimfikiria karani wa mlimani.

Vijana mmeshaanza kunong'ona Mac. Mac nzuri ipo. MacBook Air yenye M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni kabisa, kwa hiyo vumbi halina pa kuvutwa, na betri yake inakaa. Lakini RAM na hifadhi yake ni zilezile ulizonunua mpaka kiyama. Za kabla yake, zenye Intel, ndizo zimejaa sokoni kwa bei tamu, na Apple walishatangaza kwamba macOS, mfumo wa Mac, ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Intel, tena MacBook Air za Intel hata hiyo hazikuipata. Anayesoma uhasibu ajue pia kwamba programu ya hesabu ya Tally haiwekwi kwenye Mac moja kwa moja. Na kabla ya kulipa, muuzaji aondoe akaunti ya iCloud mbele ya macho yako, la sivyo umenunua sinia.

Chromebook nitaisema kwa kifupi kwa sababu zinaletwa nyingi kutoka shule za Marekani na zinauzwa kama mpakato za kawaida. Siyo za kawaida. Zimejengwa kwa ajili ya intaneti, SPSS na Tally haziingii, na kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho. Zilizotoka kuanzia 2021 Google wameziongezea mpaka miaka kumi. Nyingi zilizoko kwenye meza za wauzaji wetu ni za zamani zaidi na tarehe zimepita. Tarehe hiyo inaonekana kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS. Na ile iliyokuwa imesajiliwa shuleni ikifutwa bado inadai akaunti ya shule. Mtu wa bando la kupima, achana nayo.

Vishikwambi walimu wetu wanavijua; vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 ndivyo walivyogawiwa. Kusomea ni vizuri. Kuandikia tasnifu ya kurasa themanini, muulizeni mwalimu yeyote humu.

Amebaki mzazi mmoja mwenye kijana wa uhandisi na mwingine wa usanifu majengo. Nyinyi kipimo changu cha GB 8 hakiwahusu. AutoCAD ya kuchorea itajikongoja, lakini Revit ya majengo na michoro ya pande tatu inataka RAM GB 16, prosesa za mfululizo wa H ambazo ni nzito zaidi, na kadi ya picha ya pekee. Revit haipo kwa Mac. Tafuteni mpakato za ofisi za wahandisi: ThinkPad P, Precision za Dell, ZBook za HP. Ni nzito, zinakula betri, na chaja yake ni tofali. Bei inapanda, na ningeomba kamati iwape mkopo mkubwa kidogo kuliko wengine, maana kijana huyo akinunuliwa ndogo atanunua mara mbili.

Katibu, hili la mwisho ni lako. Mkopo usitoke mkononi kwa mwanachama kama fedha. Kikundi kimlipe muuzaji, na muuzaji atoe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa modeli na namba ya mashine, siyo "laptop 1" peke yake. Waranti ya mtumba, iwe ya mwezi au ya miezi mitatu, iandikwe kwenye karatasi na ipigwe muhuri wa duka. Kwa wanafunzi, mkopo uwe na fungu dogo la diski ya nje kwa ajili ya nakala za kazi, kwa sababu mashine ikiibiwa hosteli, waranti hairudishi tasnifu.

Naomba maombi yaliyopo yarudishwe kwa wenyewe, kila mmoja aandike upya akitaja kazi ya kompyuta, mahali itakapochomekwa, na kizazi cha prosesa. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa humu ukumbini na bisibisi yangu kuyapitia. Aliyekwisha kutanguliza fedha dukani aje na mashine yenyewe kabla hajamalizia, na muuzaji kama anataka kuja naye, kiti kipo.